Mkaguzi wa Mikia

Damu ya Alodia ilinifikia siku moja baada ya Alodia mwenyewe kuzikwa. Kinyuki, ile droni ndogo, kilichoibeba kutoka zahanati ya Nangumbilo kilikwama njiani siku tatu kwa sababu ya mvua, hizi mvua za Agosti ambazo wazee wangu hawakuzijua, kikatua juu ya paa la kituo chetu cha utafiti asubuhi ya Jumanne kimelowa, bawa limepinda. Nilichukua kichupa cha kwanza, nikakiweka kwenye mashine, nikaenda kuchemsha chai. Sikuwa na wasiwasi. Nataka hilo lijulikane mapema. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba Alodia amekufa kwa malaria, kama zahanati ilivyoandika, na kwa malaria nilikuwa nimemlilia vya kutosha.

Niliporudi na kikombe mkononi, mashine ilikuwa imeandika: homa ya mgunda.

Nikairudia damu. Ikaandika vilevile. Nikafungua kichupa cha pili, nikasafisha mashine kwa spiriti kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikaingoja nikiwa nimesimama. Ikaandika vilevile. Chai ilipoa pale mezani na sikuinywa.

Huku kusini hakuna asiyeijua homa ya mgunda. Panya hubeba vijidudu vyake ndani ya figo, mwenyewe haumwi hata kidogo, anakula na kuzaa. Anapokojoa shambani au kwenye dimbwi, vijidudu vinabaki pale vinangoja mguu wenye mchubuko au mkono wenye kidonda. Mtu huanza na homa, macho yanakuwa mekundu, mashavu ya miguu yanauma hata hawezi kusimama. Akiwahi dawa siku tatu za mwanzo, vidonge vya kawaida vinamponya. Akichelewa anakuwa manjano, figo zinagoma, na wengine hufa wakitema damu. Mvua zilipohamia kiangazi, mashamba yakawa madimbwi mwaka mzima, na katika mwaka mmoja mbaya wilaya yetu ilizika watu mia mbili na kumi na watatu.

Kwa hiyo tulitengeneza panya.

Panya wetu alikuwa na figo ambazo kijidudu hakiwezi kujishikiza ndani yake, na alirithisha figo hizo kwa karibu watoto wake wote, hata akizaa na panya wa porini. Tungewaachia elfu chache, wangechanganyika na wenzao, na baada ya miaka michache shamba zima lingekuwa na panya safi. Mkuu wangu, Dokta Rweyunga, alitaka wawe na rangi ileile ya panya wa kawaida, mtu asiwatambue. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia huwajui watu wa kule. Wale wanakula panya. Ukiwapelekea panya wasio na alama, mwezi hautaisha kabla hawajabanikwa wote, wamepangwa kwenye vijiti juu ya moshi. Tuwape mkia mweupe. Tuwaambie mweupe aachiwe, mweusi auawe. Watatii, nikasema, nawajua, ni watani zangu.

Na walitii. Shida yote ilianzia hapo.

Wiki moja kabla ya kuwaachia wa kwanza, nilikuta ndani ya kizimba namba kumi na saba vitoto viwili vya panya vyenye mikia myeupe na vijidudu kwenye mkojo. Jeni ya mkia na jeni ya figo tulikuwa tumezifunga pamoja, kama mtu anavyofunga viatu viwili kwa kamba moja ili kimoja kisipotee. Kwa vitoto vile viwili kamba ilikuwa imekatika. Viwili kati ya elfu moja na mia nne. Magari ya kubebea vizimba yalikuwa yamekwisha kufika, watu walikuwa wanatusubiri vijijini na ngoma, nami nilikuwa nimechoka. Nikaandika kwenye taarifa: sampuli imechafuliwa. Hakuna aliyeniamuru niandike hivyo. Hakuna hata aliyeniuliza.

Viwili kati ya elfu si kitu kama hawana mlinzi. Lakini mimi nilikuwa nimewatafutia walinzi, kijiji baada ya kijiji. Figo safi humpunguzia panya nguvu kidogo, kwa hiyo mchafu mwenye mkia mweupe aliwazidi ndugu zake kwa kuzaa, na watu hawakumuua. Miaka mitatu walimtoa mtegoni kwa mkono, wakamrudisha shambani salama, wakamuua jirani yake mweusi. Kadiri walivyonitii ndivyo alivyoongezeka.

Nilimpigia Dokta Rweyunga. Alisema mambo ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyasema. Katika wilaya nne wagonjwa walikuwa wameshuka kutoka elfu moja na mia moja kwa mwaka hadi sitini na wanne. Kizazi kipya cha panya, ambacho jeni zake mbili haziwezi kutengana, kingekuwa tayari baada ya wiki saba. Tukitangaza leo kwamba mkia unadanganya, watu hawatangoja. Watamwaga sumu kila shimo, watawaua wazima pamoja na wabovu, na panya wa msituni watajaza nafasi. Mvua zijazo tutazika kama zamani.

"Wiki saba tu, Notgera," alisema. "Nenda msibani, lia na watu wako, chukua sampuli, rudi. Usiwe wewe wa kuua watu mia mbili kwa sababu unataka moyo wako upumue."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa na ukweli. Hata leo nikikaa peke yangu nikapiga hesabu, siwezi kuapa kwamba alikosea.

*

Mimi ni Mngoni wa Peramiho, na Alodia alikuwa Mmwera. Mababu zangu waliwahi kuwavamia mababu zake, na vita vilipowachosha wote, uadui ule ukageuka utani. Mtani akifiwa, wewe ndiye wa kuja kufanya kazi na kufanya fujo. Unachota maji, unasonga ugali, unawatukana wafiwa, unadai mapaja yote ya kuku, na zaidi ya yote unamwigiza marehemu, anavyotembea na anavyosema, mpaka wanaolia wacheke. Chochote utakachosema siku hiyo hakikamatwi. Mfiwa akikukasirikia, yeye ndiye mwenye makosa.

Walikuwa wananisubiri tangu juzi. Niliposhuka kwenye gari tu, wanawake waliokaa kwenye mikeka wakaanza. Mmoja alisema kuku wafichwe, Mngoni kafika. Mwingine akauliza nimechelewa kuzika kwa nini, au nilisikia chakula ni cha leo. Nami nikajibu inavyopasa, kwamba sikuja kuzika, nimekuja kuangalia kama Wamwera wanajua kulia au wanapiga kelele tu. Wakacheka huku wanafuta machozi. Kinywa changu kilifanya kazi yake peke yake, na begani nilikuwa nimebeba mfuko wenye vijiti mia vya kupimia.

Ewald Nnunduma, mume wa Alodia, alinipokea mlangoni. Ni mtu mrefu, mkimya, na siku ile alikuwa amevaa shati alilofunga vifungo kombo bila mtu kumwambia. Alinieleza ugonjwa ulivyokwenda. Siku ya kwanza homa, siku ya pili miguu, siku ya tatu wakaenda zahanati. Mashine ya zahanati ilimsalimu Alodia kwa Kimwera kizuri, ikamuuliza kama ameshika panya mwezi ule. Alodia akacheka, akasema kila siku, ndiyo kazi yangu, wa mkia mweupe. Mashine ikasema basi, tupime malaria.

"Hata alama ya kipimo cha malaria ilikuwa hafifu," Ewald alisema. "Lakini mashine ilikuwa na uhakika, mtani. Ikatupa dawa ya malaria. Siku ya tano akawa manjano."

Swali lile la mkia nililiandika mimi. Nilikaa na mafundi wa mashine jioni mbili, nikawaambia anayejibu mweupe asipotezewe muda, aendelee mbele. Nilijivunia. Nilisema litapunguza foleni. Nilimwangalia Ewald, nikashindwa kupata hata neno moja la utani, nikasema pole kama mgeni yeyote.

Alodia alikuwa mkaguzi wa mikia. Kila kijiji cha mradi kilikuwa na mmoja, na kwa Nangumbilo nilimchagua mwenyewe kwa sababu alikuwa na jicho na hakuwa mwoga. Asubuhi wategaji walileta mitego uani kwake. Alimtoa panya mmoja mmoja, akatazama mkia, mweusi akampiga rungu la kichwa, mweupe akamweka kwenye ndoo ya kurudishwa shambani. Tulimpa glovu. Lakini glovu zilikuwa chache, na panya mweupe aliposhikwa na mpira mgumu alishtuka na kuuma, kwa hiyo niliwafundisha wakaguzi wote kwamba glovu ni za mweusi. Mweupe ashikwe kwa mkono mtupu, taratibu.

Na mkono wa Alodia ulikuwaje? Ulikuwa mkono wa mbangua korosho. Mafuta ya maganda ya korosho huunguza viganja, ngozi inatoka kama ya viazi vilivyochemshwa. Nilivishika viganja vile mara nyingi nikiamkia. Sikuwahi kuviangalia.

Nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta pa kusimama peke yangu. Pale uani, chini ya paa la makuti, Tekla, mdogo wake Alodia, alikuwa amekaa kwenye kigoda na mitego saba mbele yake. Alikuwa amevaa glovu ya mpira mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mtupu, na ndani ya ule mtupu alikuwa ameshika panya mwenye mkia mweupe, anamtuliza kwa kidole gumba.

Nikamwambia avae glovu zote mbili.

Alinitazama, akatabasamu kwa uchovu. "Si ulitukataza mwenyewe, mtani? Au leo umekuja kunijaribu?"

Nikasema avae tu, mambo yamebadilika. Akauliza yamebadilika nini. Nami, nikiwa na wiki saba za Dokta Rweyunga kooni, nikasema glovu zimeongezeka. Alitikisa kichwa, akamweka panya kwenye ndoo, akajifuta mkono kwenye khanga. Akaniambia nisimsumbue, ana kazi nyingi, kesho ni msako.

Sikuwa nimekumbuka msako. Mwaka mara moja, siku iliyopangwa, hata mvua ikinyesha, kijiji kizima huingia mashamba yaliyovunwa, wanafyeka majani, wanachimba mashimo, wanakamata panya kwa mamia. Tangu mradi uanze, wote walikamatwa wazima na kukaguliwa siku hiyohiyo. Mkaguzi mmoja hawezi, kwa hiyo kila mwenye mikono hukagua. Nilimuuliza Ewald kama hawawezi kuahirisha kwa ajili ya msiba. Alisema Alodia mwenyewe ndiye aliyeupanga, alikuwa ameshagawa ndoo. Wangeufanya kwa kumheshimu.

Watu mia nne, mikono mitupu, wakishika kwa upole kila mkia mweupe katika Nangumbilo. Wiki saba zilikuwa za nani?

*

Mchana baada ya chakula mjomba wa marehemu, Mzee Chinguile, aligonga fimbo chini. Kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba ule. Ni mzee mfupi, mwenye sauti kavu, fundi wa redio wa zamani. Akasema mtani amekula vya kutosha, sasa alipe. Atuigizie Alodia.

Wakapiga makofi. Mtu akaniwekea kigoda katikati ya mikeka. Mwingine akaleta mtego mmoja kutoka uani, ndani yake panya mzima mwenye mkia mweupe, ili igizo linoge. Akaniletea na khanga ya Alodia, nikaifunga kiunoni. Ilikuwa bado inanuka moshi wa korosho.

Niliigiza. Najua kuigiza, na Alodia nilimjua. Nilikaa alivyokuwa akikaa, mguu mmoja mbele, nikakunja uso, nikafoka kwa sauti yake nzito: "Leta huyo! Huu mtego umeutega wewe au mkeo?" Wakaangua kicheko, na Ewald akainamisha kichwa akicheka na mabega yakitetemeka. Nikatazama mkia wa panya kwenye mtego, nikasema kama alivyokuwa akisema, "Wewe mweupe, nenda nyumbani, wasalimie." Mwanamke mmoja mzee akaanza kulia kwa sauti, akicheka hapohapo.

Kisha nikasema, kwa sauti ileile ya Alodia, "Huyu Mngoni ndiye aliyeniua."

Wakacheka zaidi. Hiyo ndiyo desturi, mtani kujitaja kwamba ndiye muuaji. Mtu akapiga kelele kwamba tulijua, Wangoni hawajaacha. Nikaacha sauti ya Alodia, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba sifanyi utani. Nikasema mkia mweupe unadanganya. Wako panya weupe wenye homa ya mgunda, Alodia alikufa kwa homa hiyo, damu yake nimeipima leo asubuhi mara tatu.

Wakashika mbavu. Tekla alikuwa amejiegemeza kwa jirani yake, machozi yanamtoka, ananipungia mkono wake wa kulia nisimalize, atakufa kwa kucheka. Kijana wa kanisani alisema mtani wa mwaka huu anaua. Kadiri nilivyosema kwa uchungu ndivyo walivyoona naigiza vizuri. Nililia, wakasema anajua kulia kama Mmwera. Nilimtaja Dokta Rweyunga kwa jina, nikataja kizimba, nikataja taarifa niliyoandika, wakadhani nimebuni.

Nitasema jambo la aibu. Kwa muda, pale katikati ya kicheko chao, nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimekiri. Nilikuwa nimesema yote mbele ya watu wote, na hakuna aliyenikasirikia. Ningeweza kunyanyuka, kujifuta uso, kula muhogo wangu na kurudi kituoni, nikajiambia kwa miaka yote iliyobaki kwamba nilisema. Dokta angepata wiki zake saba. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nilichokuwa nakitazama wakati huo ni mkono wa Tekla. Ulikuwa umepumzika gotini, kiganja juu. Ulikuwa umechubuka kama wa dada yake.

Nikavaa glovu zangu. Nikafungua mtego, nikamshika yule panya shingoni, nikamvunja.

Kicheko kilikatika. Katika Nangumbilo hakuna mtu aliyekuwa amemuua panya mweupe kwa miaka mitatu, na mtu wa kwanza kuwafundisha hivyo nilikuwa mimi. Mwanamke mmoja akasema "Mtani!" kwa sauti ya kunionya, kama mtu anayemwona mwenzake anakunywa sana. Sikumtazama. Nilimlaza panya juu ya kifuniko cha sufuria, nikampasua tumbo kwa kisu changu cha kazi, nikachoma kibofu, nikachovya kijiti.

"Kijiti hiki kikibaki cheupe, huyu ni mzima, na nyote mniite mwongo," nilisema. "Kikiwa chekundu, ana homa."

Kilibaki cheupe.

Mtu akacheka kidogo, kwa kupumua tu, na kicheko kikataka kurudi. Nikaomba mtego mwingine. Hakuna aliyenyanyuka. Nikaenda mwenyewe hadi uani, nikarudi na ndoo ya Tekla, weupe watano waliokaguliwa asubuhi ile kwa mkono wake. Nikamuua wa pili, kijiti kikabaki cheupe. Wa tatu, cheupe. Ewald alikuwa amesimama. Aliniambia taratibu, kama anavyoambiwa mgonjwa, kwamba inatosha sasa, niache.

Wa nne kijiti kilikuwa chekundu kabla sijakiinua.

Nilikishika juu wakione. Nikamuua wa tano, kikawa chekundu pia. Wa sita cheupe. Nikavipanga vijiti sita juu ya kifuniko, viwili vyekundu, vinne vyeupe, nikaweka panya mmoja mmoja chini ya kijiti chake. Mikia yote sita ilikuwa myeupe. Hakuna mtu ambaye angeweza kuitofautisha kwa macho, na mimi pia nisingeweza.

Mzee Chinguile alikuja akainama, akavitazama vijiti kwa muda. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, kama nilijua lini.

Hapo ndipo ningeweza kusema leo asubuhi. Lilikuwa jibu la kweli kwa damu ya Alodia. Ewald alikuwa ananitazama, na niliona anavyotaka nijibu hivyo, kwa sababu mtu aliyejua leo asubuhi ni mtu aliyepatwa na msiba pamoja nao.

"Miaka mitatu," nilisema. "Kabla hatujaleta hata panya mmoja hapa. Niliona wawili, nikaandika kwamba ni uchafu wa kazi."

Hakuna aliyenipiga. Labda nilikuwa nimetumaini watanipiga. Tekla alinyanyuka, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, ameutenga na mwili wake, akaenda kwenye pipa. Nikamwambia sabuni, maji mengi, na kuna vidonge ndani ya gari, aanze leo, asingoje homa. Alinawa. Alirudia kunawa. Akaja akavichukua vidonge mkononi mwangu akiwa ameviangalia vidonge, hakuniangalia mimi.

Nikawaambia na yaliyobaki, kwa haraka, kabla hawajaanza kusambaa. Kwamba wengi wa weupe ni wazima na ndio waliowaokoa watu tangu mwaka juzi. Kwamba wakimwaga sumu watawaua wazima, na panya wa msituni watarudi, na mvua zijazo zitakuwa mbaya. Kwamba wasishike panya yeyote kwa mkono, wa mkia wowote, na anayepata homa asiijibu mashine kuhusu mikia, adai kipimo. Kijana mmoja aliuliza kwa nini waniamini kuhusu sumu, ikiwa niliwadanganya kuhusu mkia. Wawili walikuwa wameshaondoka kuelekea barabarani, na simu zilikuwa mikononi. Kufikia jioni habari ingekuwa imevuka wilaya, na Dokta Rweyunga angeisikia madukani, watu wakigombea sumu ya panya, kabla ya kuisikia kwangu.

Nikaanza kufungua khanga ya Alodia kiunoni. Ewald aliipokea, akaikunja vizuri, mara nne, akaiweka chini ya kwapa. Nikamwambia, "Shemeji." Akaondoka akaingia ndani.

Nilitaka kwenda kusuuza sufuria, kazi ya mtani, mikono ipate la kufanya. Mwanamke mmoja alinitangulia, akaichukua. Mwingine akachukua ndoo ya maji. Hawakunisukuma. Waligawana kazi zangu zote mbele yangu, mpaka nikawa nimesimama pale bila kazi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mzee Chinguile aliketi kwenye mkeka, akawaita wakubwa wa ukoo wakae. Akanionyesha kigoda changu, kilekile cha kuigizia, akasema niketi.

"Sema tena, Daktari," alisema. Miaka kumi nimekwenda nyumbani kwake, hajawahi kuniita hivyo. "Toka mwanzo. Safari hii hatucheki."

Nikaketi. Nikaanza kwa kutaja jina langu na nilikotoka, kwa watu walionijua.